Vichwa Vitatu vya Mwisho wa Mstari

Nimezaliwa Getanuwas, nimeolewa Nangwa, na kote kuwili nimeishi na alizeti. Nimekula mafuta yake, nimewapa ng'ombe mashudu yake, mabua yake nimepikia. Kwa hiyo siku ile binti wa chuo alipotusimamisha wanawake wanane pembeni ya shamba alilopewa kwa utafiti, akatuambia kwamba alizeti ya kienyeji hujikataa yenyewe, nilimtazama usoni nione kama anatutania. Hakuwa anatania.

Nitaeleza nilivyoelewa, na nikikosea kosa ni langu, maana mimi nimeishia la saba. Alisema kichwa cha alizeti si ua moja. Ni maua madogo mamia, yamepangwa kwa mizunguko. Yale ya nje hufunguka kwanza, kesho yake yanayofuata, hivyo hivyo kila siku kuelekea katikati, mpaka wiki ipite na zaidi. Kila ua dogo hutoa ulimi uliopasuka ncha mbili. Chavua, ule unga wa njano unaobaki kwenye nguo ukipita shambani, ukitua kwenye ulimi wa mmea mwingine, unaota na punje inajaa. Ukitua kwenye ulimi wa mmea uleule uliouzaa, ulimi unautambua. Unga unakauka palepale, na punje inabaki pepe.

"Unautambuaje?" nikauliza.

"Hilo ndilo swali langu, mama," akasema. "Nikilijibu nitapewa cheti."

Jirani yangu, ambaye nyumba yetu na yake zinatazamana ng'ambo ya korongo, alikuwa amesimama kando yangu. Ni mkubwa kwangu kwa miaka michache, namwita dada. Akasema, "Tungekuwa na ulimi wa namna hiyo, wazee wa ukoo wangepumzika. Posa ikija, hakuna cha kuulizana babu yako nani. Ulimi unasema wenyewe, huyu ni wetu, arudi kwao."

Tulicheka wote, na binti naye akacheka, akasema ndiyo, ni hivyo hivyo, ila kwa alizeti kuna jeni inayotoa hiyo amri, na yeye anaitafuta. Alisema ndani ya kila jani kuna maandishi mengi kuliko vitabu vya shule nzima. Anatafuta ukurasa mmoja. Akiupata, atautoa nakala kama watu wanavyotoa fotokopi pale Katesh, ila mashine yake si mashine, ni bakteria. Ukurasa unakatwa, unaingizwa ndani ya bakteria, bakteria anazaana, na kila mtoto wake anazaliwa na nakala. Kesho yake una nakala nyingi zisizohesabika, na unaweza kuzisoma.

Nilishtuka mpaka nikakaa chini. Nilimuuliza kama yule bakteria haumwi. Wenzangu walinicheka sana kwa hilo, na bado wananicheka. Lakini mimi nilikuwa nawaza maji ninayochota, maziwa ninayogandisha, humo mna vidudu vinavyoweza kubeba ukurasa wa alizeti na visijue.

Tulipata kazi wote wanane. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila kichwa kilifunikwa kwa mfuko wa kitambaa chepesi cheupe kabla hakijafunguka, ili nyuki wasiingie. Kila asubuhi unafungua mfuko, unasugua uso wa kichwa taratibu kwa kiganja, ili chavua yake yenyewe ienee kwenye ndimi zake, halafu unafunga. Kiganja cha kulia kina glavu. Kabla ya kwenda kichwa kinachofuata unaipangusa glavu kwa pamba yenye spiriti. Mwisho wa mstari unatia sahihi kwenye fomu. Binti alitaka kujua ni mimea ipi inajikataa kabisa na kama upo hata mmoja unaojikubali. Mmoja tu unaojikubali ungekuwa dhahabu kwake, maana angelinganisha ukurasa wake na wa mingine akaona amri imeharibika wapi. Mbegu za dukani zinajikubali, hilo linajulikana, lakini yeye alitaka kuona ndani ya ile ya kienyeji.

Na alitupa daftari kila mmoja, tuandike lolote tutakaloliona. Wenzangu waliandikia hesabu za vikoba. Mimi niliandika. Niliandika ukungu, niliandika ndege, niliandika nilichokula. Tangu niache shule sikuwahi kuandika zaidi ya barua mbili, na sasa nilikuwa najaza ukurasa kwa siku. Jirani akaanza kuniita mwandishi.

"Mwandishi, leo umeandika nini?"

"Nimeandika kwamba umechelewa."

"Andika na sababu. Ndama alikuwa amekwama."

Nikaandika na sababu. Mimi napenda mtu apewe haki yake, hata kwenye daftari ambalo hakuna anayelisoma.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Maua yalikuwa kwenye siku ya tatu au ya nne ya kufunguka. Binti hakuwepo, alikuwa amekwenda Katesh kufuata mifuko. Mimi nilikuwa karibu kumaliza mstari wangu. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye shamba lake linapakana na lile la utafiti, alitokea akikatiza katikati ya alizeti zake, akisukuma vichwa pembeni kwa mikono. Yeye alipanda mbegu ya dukani mwaka ule. Alikuwa na chavua mpaka kwenye kofia.

Nilitoka mstarini nikaenda kumpokea, nikampa shikamoo na mkono. Akaitika marahaba, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, hakuuachia, na hapo nikajua kuna jambo. Kaka yangu alikuwa amempigia yeye simu kwa sababu yangu haikuwa na chaji. Mama yetu ameshikwa na tumbo vibaya, wamempandisha basi kwenda hospitali ya Haydom. Mzee akaniambia nisilie, nijiandae, yupo kijana wa pikipiki anasubiri barabarani.

Nilikwenda. Nilipitia nyumbani kuchukua kitenge na sweta ya akiba, nikapata basi Katesh, na kupitia Basotu nilikuwa nimesimama nikishika bomba njia nzima. Mama alifanyiwa upasuaji, utumbo ulikuwa umejisokota. Nilikaa Haydom siku kumi na moja nikimwoshea, nikimlisha uji kwa kijiko kidogo kama yeye alivyonilisha. Alipona. Huku nyuma jirani yangu aliongezewa mstari wangu, akaushika pamoja na wake mpaka maua yakaisha. Nilimshukuru. Nilimletea sukari.

Wakati wa kuvuna tulikaa chini kwenye turubai, tukafungua mifuko. Kichwa baada ya kichwa, mapepe. Unabonyeza punje kwa kucha, inabonyea, haina kitu. Mamia ya punje, zote maganda matupu. Nimelima maisha yangu yote, na kuona kichwa kikubwa kizuri namna ile hakina hata punje moja ya kumpa kuku, niliona kama nimeangalia kitu nisichopaswa kuona. Jirani alivunja kichwa cha pili kuhakikisha, halafu cha tatu. Akasema polepole, "Kweli inajikataa." Hakuna aliyecheka siku hiyo.

Halafu tukafika mwisho wa mstari wangu. Kichwa cha tatu kutoka mwisho kilikuwa kizito. Binti alikifungua mwenyewe. Nje mapepe, katikati mapepe, na kati yake mzunguko mmoja wa punje zilizojaa, nono, umezunguka kichwa kizima kama mkufu. Kilichofuata nacho kilikuwa na mzunguko mahali palepale, lakini punje zimeachana, nusu zimejaa, nusu pepe. Cha mwisho kabisa kilikuwa na punje chache tu, nafikiri saba, zote kwenye mzunguko uleule.

Binti alishika mdomo. Alisema mimea ile mitatu ni ndugu, aliipanda kutoka kichwa kimoja, huenda imejikubali kidogo, huenda siku ile kulikuwa na joto na ile amri ikalala. Alisema inatokea. Alikuwa ametunza jani la kila mmea kwenye bahasha, akachukua ya hiyo mitatu na punje zote, akaondoka nazo mjini, maabara. Tukamwombea.

Alirudi Januari, msimu mpya unaanza. Tulikusanyika wote wanane palepale pembeni ya shamba tuandikishwe. Alikuwa amekonda. Akatuambia bila kuzunguka kwamba amefanya kazi miezi na miezi akinakili jeni za mimea ile mitatu, hakuona tofauti yoyote, zilikuwa nzima kama za mingine. Ndipo akaotesha zile punje, akasoma majani ya miche yake. Yana maandishi ambayo mama yao hana. Yanafanana na mbegu ya dukani. Mimea ile haikujikubali hata kidogo. Chavua ya nje iliingizwa na mkono wa mtu.

"Sitafuti wa kufunga jela," akasema. "Nimepoteza muda, basi. Lakini mwaka huu siwezi kurudia."

Akatoa fomu. Kwa mizunguko alivyoihesabu, ilikuwa ama siku niliyoondoka mimi au inayofuata. Siku zote mbili, sahihi ya mstari ule ilikuwa ya jirani yangu. Na jirani alikuwa amepanda mbegu ya dukani nyumbani kwake, anapita katikati yake kila asubuhi anapokuja kazini.

Jirani akasema, "Siku ile ya kwanza mimi sikuvigusa vile vichwa vitatu."

"Lakini mama, sahihi ni yako."

"Sahihi ni yangu. Kuvigusa sikuvigusa. Nilikuta vimeshafanywa."

Binti akanigeukia mimi. Aliniuliza kwa upole, kama anayeogopa kunikumbusha ya mama, ilikuwaje siku ile. Nikamjibu nilivyokumbuka. Nilisema, "Mzee alipokuja na habari, mimi niliondoka palepale. Hivyo vitatu sikuvifikia."

Nililisema mbele ya wote. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Hata niliongeza, kwa kutaka haki, kwamba dada huyu alinisaidia sana na asihukumiwe kwa siku moja. Jirani aliniangalia. Nilidhani ananishukuru kwa kumtetea, nikainamisha macho kwa heshima.

Binti akasema basi, mwaka huu mama huyu apumzike. Hakumfokea. Jirani akachukua jembe lake, akaenda, na njia ya kwenda kwake inapita mbele ya nyumba zote.

Maneno yalianza siku ileile. Kwenye mashine ya kukamua mafuta walikuwa wanasema ameuza mbegu za mtafiti akaweka zake. Wengine walisema alitia sahihi kazi ambayo hakufanya, na kama anaweza hilo, kile kikoba anachokishikia ufunguo je? Mwanamke mmoja alimwambia usoni, "Dada, mafuta yako ya mwaka huu ni ya nani?" Jumapili alikaa benchi la nyuma. Na mimi, nikiandika sasa naona aibu, niliandika kwenye daftari hivi: "Nimesikitika. Sikumdhania." Ndivyo nilivyoandika. Sikumdhania.

Wiki mbili baadaye binti alituomba daftari zetu za mwaka jana, alitaka habari za mvua na joto. Zangu zilikuwa mbili. Nilikaa mlangoni asubuhi nikizipitia ili nifute mambo ya nyumbani kabla sijampa. Nikafika siku ya mzee. Nilikuwa nimeiandika nikiwa kwenye benchi Haydom, mama akiwa ndani anapasuliwa. Mwandiko ulikuwa umelala upande. Nanakili kama ulivyo:

"Mzee alikuja saa nne na habari ya mama. Nimemalizia vile vitatu vya mwisho haraka ili mstari usibaki, ndipo nikaondoka. Sikusaini. Nimekuta glavu ya binti mfukoni mwa sweta niliyovaa shambani, nilivua nimpe mzee mkono. Nisisahau kuirudisha."

Nilisoma mara moja. Nikasoma tena. Mikono yangu ilikuwa ya mtu mwingine, naiona imeshika daftari na siihisi.

Maana nilikuwa sikumbuki. Naapa hata sasa sikumbuki. Kichwani mwangu nipo na mzee, halafu nipo kwenye pikipiki. Hapo katikati hapana kitu. Lakini mwandiko ni wangu. Na glavu nilikumbuka kuirudisha, niliirudisha kwa mkono wangu, binti akanishukuru kwa uaminifu. Nilivua glavu kwa sababu mkubwa hapewi mkono uliovishwa kitu, hilo hata mtoto wa kwetu analijua. Mikono ya mzee ilikuwa na chavua ya shamba lake. Nilirudi mstarini na kiganja kitupu, sikukipangusa kwa spiriti, nikasugua kichwa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Ndiyo maana cha kwanza kilijaa, cha pili nusu, cha tatu punje saba. Chavua ilikuwa inaniishia mkononi.

Na jirani yangu sikuzote alianza mstari kutoka upande wa chini, upande wa kwake, pale ninapomalizia mimi. Angekuwa yeye, kichwa cha mwisho ndicho kingejaa. Nilikuwa nimeviona vichwa vile kwa macho yangu kwenye turubai, nikijua anavyofanya kazi, na sikuwaza.

Siku mbili nilikaa nalo. Nakiri. Nilifikiria kuuchana ule ukurasa. Nilijiambia mzee ataonekana mbaya, ni mtu mzima, alikuja kwa wema. Nilijiambia binti ameshasahau. Mume wangu aliniuliza mbona sili, nikamwonyesha. Alisoma, akasoma, akasema, "Wewe ndiye unayesemaga haki haki." Akaenda kufungua ng'ombe.

Nilikwenda kwanza kwa binti. Alisoma ukurasa akiwa amesimama. Akakaa kwenye ndoo. Nilitegemea anifokee, na ningestahili, lakini aliniuliza kitu kingine kabisa. Aliniuliza mtu akivaa glavu hawezi kumsalimia mkubwa hata kidogo? Nikamwambia unaweza, lakini utaonekana umemnyima mkono. Akasema, "Nilifundisha spiriti, nilifundisha mifuko, hilo sikuliwaza. Kwetu tungepungia tu." Halafu akasema atamwita jirani arudi, na fomu ataandika ukweli pembeni. Mimi nitabaki kwenye kuhesabu punje, vichwani nisiguse tena. Nilikubali. Ni haki.

Kutoka pale nilivuka korongo. Jirani alikuwa uani anapepeta maharage. Nilimpa shikamoo, akaitika bila kuinua macho. Sikukaa. Nilimsomea ukurasa wote kwa sauti, nikisimama, kama mwanafunzi.

Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, dada?"

"Nilijua ulivifanya. Nilifika nikakuta vimefungwa. Fundo lako nalijua, wewe unazungusha kamba mara mbili, mimi mara moja. Nikaona hujasaini. Nikasema, huyu mama yake yuko hatarini, kesho aambiwe ameacha mstari? Nikasaini."

"Kwa nini hukusema kwa binti?"

Ndipo akainua macho. "Nilisema. Nilisema sikuvigusa, nilisema nilikuta vimefanywa. Ulikuwa umesimama hapo hapo, karibu kuliko hapa. Wewe ndiye ulisema uliondoka palepale."

"Nilikuwa nimesahau."

"Mimi nilijua umesema uongo. Nikawa nangoja uone aibu mwenyewe. Ukaja na ile sauti yako, oh, dada huyu alinisaidia sana. Nilitamani nikupige na jembe."

"Dada, nilisahau. Kweli."

Alitikisa ungo, akatoa jiwe dogo, akalitupa. "Hiyo sijui kama naiamini. Ungekuwa wewe ungeamini?"

Nilifikiri. Ilibidi nijibu haki. "Nisingeamini," nikasema.

"Haya."

Nikamwambia binti amekubali arudi, na fomu itarekebishwa. Alinisikiliza. Akasema fomu iko mjini, hakuna mtu wa Nangwa anayeisoma. "Ulichosema ulikisema mbele ya watu," akasema. "Hapa nawaona kuku tu."

Jumamosi nilipakia gunia langu kwenye mkokoteni wa punda nikaenda kwenye mashine. Watu walikuwa wengi, wanawake wenye magunia na madumu, foleni imetoka nje ya mlango. Jirani alikuwa mle, karibu na mbele. Niliacha gunia langu nyuma nikaenda mpaka kwenye mashine, nikasimama hapo, nikaanza kusema. Hakuna aliyesikia. Ile mashine inanguruma mpaka meno yanagongana. Nilipaza sauti, nikaona midomo inacheka, nikapaza zaidi. Fundi alidhani kuna mtu amenaswa mkono, akazima.

Kimya kilinikuta napiga kelele neno "mimi".

"Wewe nini, mama?" fundi akauliza.

Nikasema. Nilisema vile vichwa vitatu vya mtafiti niliviharibu mimi, sio huyu dada. Nilisema nilimpa mkono mtu aliyetoka shambani kwake, nikarudi kazini bila glavu. Nilisema huyu alitia sahihi kunifichia aibu, na nilipoulizwa nilimtupa. Kwamba nilisahau sikulisema. Nilikuwa nimeliandaa njia nzima, lakini nilipofika hapo nikaona litakuwa la kujisaidia mwenyewe.

Mwanamke yule aliyemuuliza jirani mafuta yake ni ya nani akauliza, "Ulimpa mkono nani?"

Nilikataa kumtaja. Lakini Nangwa ni ndogo na mashamba yanapakana. Mmoja akahesabu kwa vidole, akasema, "Anayepakana na pale ni mzee wa kanisa."

"Kumbe baba mtoto ni mzee wa kanisa," mwingine akasema, na mashine nzima ikalipuka kwa kicheko, hata fundi. Nilijaribu kusema mzee hana kosa, alikuja kwa wema, mkono ni mkono. Walizidi kucheka. Mmoja alisema Jumapili atamtazama mzee vile ataweka macho wapi. Mwanamke wa mafuta hakucheka. Aligeuka akamwambia jirani, "Dada, nilikukosea kinywa." Jirani akamjibu kwamba amesikia.

Mimi nilikuwa nimesimama bado mbele, sijui niende wapi. Jasho lilikuwa limenilowesha mpaka kiunoni. Nilikuwa nangoja, nadhani, aniangalie kwa namna fulani.

"Umemaliza?" jirani akaniuliza.

"Nimemaliza, dada."

"Jumatatu nitakwenda kazini. Mwambie binti anipe mstari wa mbali na unapokaa wewe na punje zako."

"Nitamwambia."

"Sasa toka hapo mbele. Umeruka watu na wao wana kazi zao."

Nikatoka. Fundi akawasha mashine. Nilipofika nyuma, mwanamke mwenye magunia mawili alikuwa ameshasogeza langu pembeni na kuchukua nafasi yangu. Nikalivuta, nikaliweka nyuma ya yake, nikapanga foleni.